Barua ya Dobi Mabruki: Sehemu ya Sita

Niliwaacha Soweto, mlangoni kwa mama mkwe. Wifi yangu Ntombenhle kasimama katikati ya mlango, mikono kiunoni, ananiambia mama yake hali wala haamki, na akifa nijue nimemuua mimi.

Kwa waliokosa sehemu zilizopita nitasema kwa ufupi, maana kuna wanaoniandikia kulalamika kwamba wameidaka hadithi katikati na hawajui nani ni nani.

Mimi ni Emiliana, mtu wa Morogoro. Mwaka themanini na sita nilifunga ndoa Bomani na Bhekani, Mzulu aliyekuwa mkimbizi wa siasa kwetu. Mashahidi walikuwa wawili, shangazi yangu na rafiki mmoja wa Bhekani kutoka kambini. Nchi yao ilipofunguka nikamfuata Johannesburg. Mwaka jana kanifia.

Kwa Wazulu mke ni yule aliyetolewa ng'ombe. Mimi sikutolewa hata mbuzi, maana Bhekani wakati ule mali yake ilikuwa suruali mbili na redio. Kwa hiyo mbele ya mama yake, miaka thelathini na kitu, sikuwa mke. Nilikuwa "yule Mtanzania". Mke wa mtoto wao wanamwita makoti. Neno hilo mimi nililisikia wakiitwa wenzangu.

Sasa, jiwe la kaburi la Bhekani lilikuwa lizinduliwe Jumamosi. Huku jiwe huzinduliwa baada ya mwaka hivi. Linafunikwa kitambaa, watu wanaalikwa, ng'ombe anachinjwa, halafu kitambaa kinatolewa mbele ya wote. Juu yake huandikwa marehemu alikuwa nani kwa nani. Mwana wa fulani, kaka wa fulani, baba wa fulani. Mimi nilichokuwa nakitaka ni maneno matatu tu: mume wa Emiliana.

Mama mkwe alikuwa ameanza kulegea, na fundi alikuwa ameshaagizwa maneno hayo. Siku ya jiwe husimuliwa pia habari za ukoo, na yeye ana sanduku la barua za babu yake mzaa baba, Mabruki. Huyu Mabruki alikuwa Mswahili, mmoja wa watumwa waliokombolewa baharini wakashushwa Durban, yeye akiwa mtoto na mama yake na ndugu yake. Zama za Malkia Victoria akapanda Johannesburg kufua nguo za wachimba dhahabu. Dobi lake, duka la kufulia, lipo mpaka leo mjini, mimi mwenyewe napiga pasi pale, na watoto wa Soweto wanaamini jina Mabruki limetokana na suruali, maana kwa Kizulu maneno hayo yanakaribiana.

Barua zake kaziandika kwa Kiswahili, lakini kwa herufi za Kiarabu. Kwenye ukoo mzima hakuna anayeweza hata kusalimia kwa Kiswahili. Ikabidi waniite yule Mtanzania.

Kiswahili ninacho, Kiarabu sina. Nikaenda mtaa wa Mayfair kwa mwalimu mmoja wa Kisomali anayeuza mablanketi na kufundisha watoto Kurani. Yeye ana macho, mimi nina masikio. Yeye akasoma asichokielewa, mimi nikasikiliza nisichoweza kukisoma. Barua ya kwanza, ya mwaka 1895, ukiacha maneno ya kazi ya mwanzoni, tukaitoa hivi:

"Ndugu yangu, usikasirike. Duni nimemuua. Mashahidi walikuwa wawili. Siku ya dua tulilia sote. Najua mama alishanichagulia mwingine. Usimwambie. Mungu anisamehe."

Na mimi mezani, mbele ya ukoo mzima, mchuzi bado wa moto, nikawaambia: babu yenu aliua mwanamke, jina lake Duni.

Mama mkwe aliweka kijiko chini akaenda kulala. Hakuamka vizuri tena. Kesho yake Ntombenhle akampigia fundi wa mawe, maneno yangu matatu yakaondolewa.

Hapo ndipo tulipokuwa.

Kuna jambo sikuwaambia wiki iliyopita kwa sababu lilinitia aibu. Niliposema pale mezani "aliua", nilisikia raha. Miaka thelathini naambiwa ukoo huu ni wa watu safi, wa kanisa, wa cheti cha ndoa ukutani kwenye fremu. Miaka thelathini nahesabiwa kama mwanamke aliyeokotwa. Nikawaambia moyoni, na nyie mna yenu. Nilitafuna nyama yangu taratibu huku wao wameacha kula.

Basi. Nimeshasema.

Jumanne nikarudi Mayfair. Nilikuwa na barua ya pili ambayo hatukuwahi kuisoma, nikajipa matumaini kwamba labda humo Mabruki katubu, labda ana sababu, labda nitapata cha kumpelekea yule bibi kitandani. Duka la mablanketi nikalikuta limefungwa. Mwalimu kasafiri.

Mlango wa pili yuko dada mmoja wa Lamu, Sumaiya, anauza mabuibui na udi. Akaniuliza namtafutia nini mwalimu. Nikamwambia.

"Barua za Kiswahili umempa Msomali?" akasema. "Kiswahili cha yule ni bei gani na karibu mama. Lete hapa, bibi yangu alinifundisha hizi kabla sijaijua a-e-i-o-u."

Nikampa ile ya kwanza. Akaisogeza kwenye mwanga, akasoma kimya midomo ikicheza.

"Hapa mwanzo alikusomea vipi?"

"Alisoma guu za wazungu ni nyingi mwezi huu. Nikajua ni nguo."

"Ulijuaje?"

"Dobi atafua miguu ya wazungu?"

Akacheka mpaka akaketi. "Basi sikiza, mwenzangu. Herufi hizi za zamani hazina o. Huandikwa u, na msomaji hujaza mwenyewe kwa maana. Na ile n ya mbele ya nguo huwa haiandikwi. Ndiyo nguo ikawa guu. Yule mwalimu anasoma kama Kurani, kila pahali u."

"Hayo niliyaona. Nilikuwa namrekebisha."

"Ulimrekebisha," akasema, akaweka kidole juu ya mstari. "Na hapa mbona hukumrekebisha?"

Nikatazama kidole. Kwangu ni mikwaruzo tu.

"Duni nimemuoa," Sumaiya akasoma. "Ni-me-mu-o-a."

Kidole chake kikashuka mstari mmoja.

"Na hii si dua. Dua ina herufi yake ya Kiarabu na hapa haipo. Hii ni ndoa, imekosa n. Siku ya ndoa tulilia sote. Mashahidi walikuwa wawili. Emiliana, mtu akienda kuua huita mashahidi?"

Jamani, nguo niliirekebisha. Kila o ya barua ile niliirekebisha. Mbili tu niliziacha kama zilivyosomwa, na sasa mnajua kwa nini.

"Sasa hiyo Mungu anisamehe ni ya nini?" nikamuuliza, kama vile nataka bado awe muuaji.

"Kaoa kwa siri, mama yake keshamchagulia mwingine. Kijana huyo. Lete ya pili."

Ya pili ilikuwa ya mwaka 1903. Sumaiya akaisoma kwa sauti, mara moja, bila kukwama:

"Ndugu yangu, Duni amerudi kutoka Natal na mtoto. Nimemwambia asimame ng'ambo ya barabara, Marthe asijue. Kazi ya mashuka ya hospitali nimepewa na masista, na masista wamenipa kwa ajili ya Marthe. Nikimrudisha Duni kazi itakwenda na nyumba itakwenda. Usiku silali. Barua hii ichome."

Hakuichoma mtu, maana haikutumwa.

"Marthe ni nani?" Sumaiya akauliza.

"Bibi yake mama mkwe. Masista Wafaransa ndio waliombatiza, ndiyo maana ana jina lile. Cheti chao cha ndoa ya kanisani kiko sebuleni, 1897."

"Na Duni kaolewa tisini na tano."

"Ndiyo."

"Na mwaka 1903 yuko hai."

"Yuko hai, ndiyo! Hakuuawa. Ndiyo ninayokwenda kumwambia mama sasa hivi."

Sumaiya akanitazama. "Mwenzangu, wewe umejisikia ulichokisema?"

Sikujisikia. Nilikuwa tayari nazifunga barua kwenye mfuko wa plastiki.

Soweto nikafika saa tisa. Ntombenhle akaja mlangoni vilevile, mikono vilevile.

"Nimemletea mama habari njema," nikasema.

"Habari zako njema tunazijua."

Aliyeniokoa ni binti yangu Happyness. Yeye ni nesi, na wiki ile alikuwa kachukua likizo kumuuguza bibi yake, maana uji wa mtu mwingine yule mzee haugusi. Akatokea nyuma ya shangazi yake na bakuli mkononi, akasema kwa Kizulu, "Mwache mama apite." Ndivyo tulivyo mimi na yeye toka mdogo. Mimi namsemesha Kiswahili, yeye ananijibu Kizulu, au Kiingereza akiwa na hasira. Binamu zake wanadhani hajui Kiswahili kabisa. Mimi mwenyewe kuna siku nadhani hivyo.

Ndani mama mkwe kaegemea mito miwili. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomwacha. Akanitazama, akamtazama mjukuu.

"Nenda duka la spaza uniletee maziwa," akamwambia.

"Maziwa yapo, bibi."

"Nataka mengine."

Happyness akatoka. Nikafunga mlango, nikapiga magoti kando ya kitanda. Yote tuliyoongea yalikuwa kwa Kizulu, nawatafsiria.

"Mama, nilikosea," nikasema. "Nisamehe. Barua nilisomewa vibaya. Babu yako hakuua mtu. Duni alimuoa. Ndoa ya halali, na mashahidi wawili. Na mwaka 1903 Duni alikuwa hai, kaandika mwenyewe."

Nikangoja alie kwa furaha. Nilikuwa hata na leso tayari.

"Nani mwingine anajua?" akauliza.

"Mama, hukunisikia? Hakuua."

"Mimi si kiziwi. Nani mwingine anajua?"

"Dada mmoja wa Mayfair aliyenisomea. Hakuna mwingine."

Akafumba macho. Nikadhani ndiyo anakata roho, nikainuka nimwite Happyness. Akanishika mkono, na mkono wake ulikuwa na nguvu.

"Kaa."

Nikakaa.

"Baba yangu alipokuwa mdogo," akasema, "kuna mwanamke alikuwa akija kusimama mbele ya dobi, ng'ambo ya barabara, na mtoto kamshika mkono. Hasemi kitu. Anasimama mpaka jioni. Bibi Marthe akimwona anatoka na beseni la maji ya sabuni anayamwaga barabarani, yamfuate miguuni. Baba alinieleza mara moja tu, akiwa mgonjwa. Akaniuliza, unadhani yule mwanamke alikuwa nani? Nimekaa na swali hilo miaka hamsini."

"Mama..."

"Siku ile mezani uliposema Duni aliuawa, nililala usingizi. Wanasema sili kwa huzuni. Sili kwa sababu nina miaka themanini na nane na chakula hakina ladha. Lakini moyo ulikuwa umetulia. Kama Duni alikufa mwanzoni, basi yule wa barabarani alikuwa kichaa tu wa mjini. Bibi yangu ni mke. Baba yangu ni mtoto wa ndoa. Nikasema Mungu asante, sasa naweza kwenda." Akanitazama. "Umekuja kunirudishia."

Hapo ndipo nilipokielewa kile Sumaiya alichoniuliza. Nilikuwa nimebeba barua mbili mpaka chumbani kwa yule mama kumwambia kwamba cheti cha sebuleni ni cha uongo, bibi yake hakuwa mke, na baba yake alizaliwa nje. Nimembebea kwenye mfuko wa plastiki, nikapiga na magoti.

"Lakini mama," nikasema, "kwenu mtu ana wake wawili na hakuna neno."

"Wa ng'ombe, ndiyo. Huyu alisimama mbele ya padri akaapa hana mke. Akaapa apate mashuka ya hospitali. Dobi lote limesimama juu ya kiapo hicho, na wewe umekula humo, na mtoto wako kasomeshwa humo."

"Kwa hiyo heri babu yako awe muuaji?"

Hakuona haya hata kidogo. "Muuaji anatubu. Kanisani kwetu wapo, tunapeana nao mkono wa amani. Padri atamwombea na mambo yataisha. Yule wa kiapo cha uongo hana maombi yake."

Nje nikasikia geti. Happyness anarudi na maziwa. Mama mkwe naye alisikia, akanivuta karibu.

"Jumamosi utasimama kaburini usome kama ulivyosoma mezani. Watu wameshasikia nusu, wanangoja. Usome kwanza kwa lugha yake mwenyewe, ukoo umsikie, halafu utafsiri. Aliua. Padri ataomba. Basi. Na fundi wa mawe nitampigia mimi mwenyewe leo hii, jina lako litakuwepo."

Niliutazama mfuko wa barua.

"Umenisikia, makoti?"

Msomaji wangu, nilitamani nisilie mbele yake. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu Bhekani aliponiambia mama yake ataniita hivyo, nikawa najiita mwenyewe nikiwa jikoni, kwa mzaha, kulizoea. Sasa nina miaka sitini na moja. Nililia kama mtoto.

"Na nikikataa?" nikamuuliza mwishowe.

"Ukimtangaza Duni kuwa mke kwa mashahidi wawili na bila ng'ombe, basi sawa, Duni ni mke. Lakini wewe hutakuwa. Jiwe litabaki lilivyo."

Happyness akaingia na maziwa. Akaniona macho mekundu, akaniuliza kwa Kizulu kuna nini. Nikamwambia kwa Kiswahili, hakuna kitu mwanangu, mimi na bibi yako tumepatana.

Ijumaa nilipiga pasi mashati arobaini. Sikumbuki hata moja. Nilikuwa namfikiria Duni. Mwanamke kaolewa mbali na kwao, kwa ndoa ya mashahidi wawili ambayo wakwe hawaitambui, akalia siku ya ndoa, halafu mume akapata maisha akamwambia kasimame ng'ambo. Sikuhitaji mtu kunieleza anafanana na nani. Tofauti yetu ni kwamba Bhekani hakunitupa. Bhekani alinipenda, alinitetea kwa miaka yote, na alipokuwa hoi akaniambia, "Wataandika jina lako, nimewaambia." Hawakuandika.

Mchana nikampigia simu Sumaiya. Nikamweleza yote, nikitegemea aniambie nifanye nini.

"Mimi siwezi kukwambia," akasema. "Mimi simjui mama mkwe wako wala simjui marehemu. Ila Mabruki hakumuua yule mwanamke. Ukisema wewe Jumamosi kwamba kauawa, atakuwa kauawa na nani?"

Nikakata simu. Nilimkasirikia kwa sababu hakukosea.

Jumamosi ikafika. Watu walikuwa wengi kuliko siku ya mazishi. Turubai, viti vya kukodi, padri na kanzu yake, wanakwaya. Mama mkwe aliletwa kwa kiti cha magurudumu, Happyness akimsukuma na kumshikia mwavuli. Yule mama aliyekuwa hali wala haamki alikuwa kavaa kofia na glavu nyeupe.

Ntombenhle hakunisalimia. Lakini alinionyesha kiti, na kiti kilikuwa cha mbele.

Wakaimba, wakaomba. Wajomba wawili wakashika pembe za kitambaa wakakivuta.

Mwana wa. Kaka wa. Baba wa Happyness. Na chini kabisa, herufi mpya bado zina vumbi la kuchongwa: mume wa Emiliana.

Nilikwenda nikaigusa. Hakuna aliyenizuia. Mwanamke mmoja nyuma yangu, simjui, akapiga kigelegele, wengine wakampokea. Nasema kweli, kama ningekufa dakika ile nisingedai kitu kwa mtu.

Halafu wakaniita nisome.

Nikasimama miguuni kwa Bhekani na ile karatasi mkononi. Siwezi kuisoma, mnajua, lakini maneno nilikuwa nayo kichwani. Nilikuwa nimeshaamua. Nilipanga kusema "nimemuua", neno moja, nusu ya pumzi, kisha nikae kwenye kiti changu cha mbele mpaka nife.

"Ndugu yangu," nikaanza kwa Kiswahili, "usikasirike."

 Hakuna anayeelewa, wote wametulia kama wako kwenye misa. Nikatazama jiwe. Nikaona jina langu, na juu yake jina lake, yeye aliyenioa Bomani na mashahidi wawili. Kiswahili hicho ndicho tulichopendania. Nikashindwa kumdanganya.

"Duni nimemuoa," nikasoma. "Mashahidi walikuwa wawili. Siku ya ndoa tulilia sote."

Hakuna aliyeshtuka. Nani angeshtuka? Kwao ni sauti tu. Hapo nikapata akili ambayo wakati ule niliiona kubwa sana. Nikajiambia, Emiliana, umeshasema kweli kwa lugha ya barua yenyewe. Duni kasikia, Mabruki kasikia, Bhekani kasikia. Sasa sema uongo kwa Kizulu, mama mkwe asikie, kila mtu apate chake. Nilijisifu hata kidogo.

Nikakunja karatasi, nikageukia watu.

"Babu yetu anaungama," nikasema kwa Kizulu. "Huyo Duni, wambulala. Alimuua."

Watu wakaguna. Padri akafanya ishara ya msalaba. Mama mkwe akafumba macho, akashusha pumzi ndefu, akatikisa kichwa taratibu, ndiyo, ndiyo. Ntombenhle akaanza kulia na akaja akanishika bega. Wifi yangu, kunishika bega. Nilijua nimemaliza, na nilijua nimefanya jambo ambalo sitaweza kulisema kwa mtu, ila sasa nawaambia nyie.

Padri akafungua kitabu aanze maombi.

"Mama."

Sauti ilitoka nyuma ya kiti cha magurudumu. Happyness alikuwa ameshusha mwavuli.

"Mama, umesoma kamuoa," akasema. Kwa Kiswahili. Kiswahili cha kujikwaa, lafudhi yote ya Soweto, lakini cha kwetu, cha Morogoro, maneno niliyomfundisha mimi akiwa mgongoni. "Umesoma siku ya ndoa. Mbona hawa umewaambia kamuua?"

Sikuwa nimemsikia akiniambia sentensi nzima ya Kiswahili toka alipoanza shule.

Watu wakamtazama yeye, wakanitazama mimi. Padri akabaki na kidole kwenye ukurasa. Ntombenhle akaondoa mkono begani kwangu. Ndani ya ile turubai nzima walioelewa tulikuwa wawili, na mmoja wetu alikuwa anangoja jibu.

Mama mkwe akafumbua macho. Akageuza shingo kidogo kidogo mpaka akanipata.

"Makoti," akasema, "mtoto anasema nini?"

Na wote, pamoja na padri, wakangoja nitafsiri.